Jedwali la Patisheni Likiharibika Baada ya Kupandisha Mfumo: Uchague Zana za Windows, gdisk, TestDisk au Fundi?

Ninatengeneza kompyuta Sinza, Dar es Salaam, na tangu Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 ninaletewa mara kwa mara kompyuta zenye kisa kinachofanana. Mashine ilikuwa ikifanya kazi vizuri, mwenyewe akaipandisha kwenda Windows 11 au akaweka toleo jipya la Ubuntu (mfumo wa Linux) pembeni ya Windows, na ilipozimwa na kuwashwa tena ikadai haioni kitu cha kuwashia, ama ikaonyesha diski nzima kama eneo tupu. Ushauri ambao mwenye kompyuta huwa ameshapewa kabla hajafika kwangu ni kupiga Windows upya. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini nimeona ukigeuza hitilafu ya kurekebishwa kwa dakika kumi kuwa upotevu wa kudumu wa picha za familia, hesabu za duka au tasnifu ya mwanafunzi wa Mlimani, na ndiyo maana nimeona niziweke njia zilizopo bega kwa bega ili mtu achague akijua anachochagua.

Jedwali la patisheni ni orodha inayoonyesha kila patisheni, yaani kila kipande cha diski kama C au D, inaanzia na kuishia wapi. Ni kitu kidogo sana. Katika mpango wa zamani wa MBR, uliokuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, jedwali zima ni nafasi nne za baiti 16 kila moja, zilizokaa ndani ya sekta ya kwanza ya diski kuanzia baiti ya 446, na halina nakala ya akiba popote. Katika mpango wa GPT unaotumiwa na kompyuta za UEFI, yaani zenye programu ya kisasa ya uwashaji iliyochukua nafasi ya BIOS ya zamani, kwa kawaida kuna nafasi 128, na habari zake huandikwa mara mbili, yaani mwanzoni mwa diski na tena mwishoni kabisa, kila nakala ikiwa na namba ya uhakiki inayoiwezesha programu kutambua kama imeguswa. Kwenye diski ya sekta za baiti 512, nakala zote mbili kwa pamoja hazizidi KB 35. Kwa hiyo diski ya TB 1 inayoonekana tupu inaweza kuwa imepoteza KB 35 tu: nyumba zote zimesimama, ramani ya viwanja ndiyo iliyochanika. Kutokana na hilo, mimi hupima kila njia kwa maswali mawili, kwamba inasoma wapi ili kuijua mipaka ya zamani, na inaandika kiasi gani kwenye diski wakati wa kurekebisha.

Kwanza hakikisha kwamba ni jedwali

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kompyuta isiyowaka baada ya kupandishwa toleo huwa na moja kati ya matatizo mawili tofauti kabisa: jedwali limeharibika, au jedwali ni zima ila kianzishi cha mfumo, yaani programu ndogo inayouwasha, hakionekani. Tatizo la pili hujifanya kama la kwanza, na dawa ya la kwanza ikitumika kwa la pili huleta madhara.

Mfano ninaouona zaidi ni wa kompyuta za zamani zilizokuwa zikiwaka kwa MBR. Windows 11 inataka kompyuta yenye UEFI, hivyo mtu hutumia zana ya Microsoft iitwayo MBR2GPT, ambayo imo ndani ya Windows tangu Windows 10 toleo la 1703, kugeuza jedwali bila kugusa mafaili. Zana hufanya kazi yake barabara, lakini mwenye kompyuta hasomi maelezo yanayosema kwamba baada ya hapo ni lazima aingie kwenye mipangilio ya BIOS na kubadili uwashaji kutoka mtindo wa zamani kwenda UEFI. Kompyuta inawashwa, inatafuta MBR yenye kianzishi, haikuti kitu, inasimama. Tiba yake ni kubadili mpangilio mmoja tu, na hakuna baiti hata moja ya diski inayohitaji kuguswa.

Mfano wa pili ni wa wale wenye Windows na Ubuntu kwenye diski moja. Windows inapopandishwa toleo, inaweza kujiweka ya kwanza katika orodha ya uwashaji ya UEFI, Ubuntu ikaonekana kama imefutwa, kumbe imesogezwa chini ya orodha. Inaweza pia kupunguza patisheni ya C ili kutengeneza patisheni mpya ya uokoaji, na kwenye diski za MBR zenye patisheni za ndani (logical) hatua hiyo huweza kusogeza namba, kiasi kwamba GRUB, kianzishi cha Ubuntu, iliyozoea kutafuta mafaili yake kwenye patisheni ya 5 inakuta kitu kingine hapo na kukuacha kwenye mstari wa uokoaji wenye herufi nyeupe. Ukiandika ls pale, ukaipata patisheni yenye folda ya boot/grub, kisha ukaielekeza GRUB huko, kompyuta itawaka na utaweza kuisakinisha GRUB upya. Kuna pia Ubuntu iliyopandishwa toleo ikakwama njiani kwa sababu faili la fstab, lenye orodha ya patisheni za kufunguliwa mfumo unapowaka, linataja diski kwa jina kama /dev/sdb1, ambalo linaweza kubadilika, badala ya kutumia namba ya UUID ambayo huambatana na patisheni yenyewe.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Tayarisha flashi ya SystemRescue, mfumo wa uokoaji wa Linux unaowaka kutoka kwenye flashi yenyewe, kwenye kompyuta nyingine. Kuipakua kunahitaji bando la takriban GB 1, nafuu kuliko kupakua Ubuntu kamili yenye GB 6 hivi, na ndani yake zimo gdisk, TestDisk, GParted na ddrescue kwa pamoja. Washa kompyuta yenye tatizo kwa flashi hiyo na uandike lsblk -f, kisha lsblk peke yake ili uone ukubwa. Ukiziona patisheni zako zote, kila moja na aina yake ya mfumo wa mafaili, jedwali lako ni zima na unahitaji zana za kianzishi tu. Ukiona diski tupu, au patisheni zenye ukubwa usioeleweka, basi tatizo ni la jedwali, na hapo uchaguzi wa kweli unaanza.

Zana za Windows zenyewe

Faida ya zana hizi ni kwamba zimo kwenye flashi yoyote ya kusakinishia Windows, na karibu kila fundi anazijua. Amri ya bootrec /fixmbr huandika upya kipande cha kuwashia kilichomo kwenye sekta ya kwanza bila kugusa jedwali, na bcdboot hutengeneza upya mafaili ya kuwashia kwenye patisheni ya EFI, ile ndogo inayobeba vianzishi. Kwa kompyuta yenye jedwali zima na kianzishi kilichopotea, hakuna njia fupi na salama kuliko hiyo.

Hata hivyo, zana hizi hazikuundwa kurudisha jedwali lililopotea, na mazingira ya Windows yana vishawishi vitatu vya hatari kwa mtu mwenye haraka. Kishawishi cha kwanza ni kisanduku kinachosema kwamba diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Cha pili ni kile cha sehemu ya kusimamia diski kinachokutaka uiandae diski kwa kuchagua MBR au GPT; ukikubali GPT, Windows huandika jedwali jipya tupu mwanzoni na mwishoni mwa diski, na hapo hapo nakala ya akiba ambayo ingekuokoa inatoweka. Cha tatu ni amri ya clean ndani ya diskpart, inayopendwa sana katika video za mafunzo kwa sababu huondoa kila kikwazo cha usakinishaji, na huviondoa kwa kulifuta jedwali. Ningeongeza chkdsk kwenye orodha hiyo pale ambapo mipaka ya patisheni bado haijathibitishwa, kwa sababu hurekebisha mfumo wa mafaili kulingana na mipaka inayoiona, hata kama mipaka hiyo ni ya uongo.

gdisk na TestDisk

Programu hizi mbili ndizo kiini cha ulinganisho huu. Zote ni za bure na zote zinaendeshwa kwa kibodi kwenye skrini ya maandishi, jambo linalowatisha watu bila sababu. Zinafanana pia katika jambo la maana zaidi, kwamba haziandiki chochote kwenye diski mpaka uziamuru waziwazi. Zinapotofautiana ni katika swali la zinasoma wapi.

gdisk, iliyotungwa na Rod Smith, husoma jedwali lenyewe. Ukiifungua kwenye diski ya GPT, inalinganisha nakala ya mwanzoni na ya mwishoni, inakagua namba za uhakiki, na kukuambia ni ipi nzima na ipi imeharibika. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, hali ya kawaida kwa kompyuta mpakato za mtumba ambazo betri zake zilishakufa na zinategemea waya wa ukutani, nakala ya mwanzoni inaweza kubaki nusunusu huku ya mwishoni ikiwa salama. Katika hali hiyo unaingia kwenye menyu ya uokoaji kwa herufi r, unaamuru kichwa kikuu kijengwe kutoka kwa nakala ya akiba kwa herufi b, unapakia jedwali la akiba kwa herufi c, unalitazama kwa p, unalihakiki kwa v, na ukiridhika unaandika kwa w. Usiporidhika, q inakutoa na diski inabaki kama ilivyokuwa. Kinachoandikwa ni hizo KB 35 tu, na kazi nzima haichukui dakika tano.

Kuna kisa kingine ambacho gdisk haina mpinzani. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa Kariakoo alihamishiwa diski yake ya GB 500 kwenda SSD ya TB 1, kisha kompyuta ikapandishwa kwenda Windows 11, na kila programu ya patisheni ikawa inatoa onyo, huku nusu ya SSD ikiwa haitumiki. Sababu ni kwamba nakala ya akiba ilinakiliwa pamoja na diski nyingine yote na kuachwa katikati ya SSD, pale ambapo diski ya zamani iliishia. Kwa x, e, kisha w, gdisk iliihamishia mwisho halisi wa diski, na nafasi ikapatikana.

Udhaifu wa gdisk unatokana na sifa hiyohiyo. Inaamini jedwali. Kisakinishi kikishaandika jedwali jipya mwanzoni na mwishoni, nakala zote mbili zitakubaliana, namba za uhakiki zitakuwa sahihi, na gdisk itakuambia kwamba hakuna tatizo, ingawa jedwali inaloliona ni la mfumo mpya na patisheni yako ya mafaili haimo. Kwa diski ya MBR pia haina nakala ya akiba ya kusoma. Hapo ina msaada mmoja tu mdogo: programu ndugu yake iitwayo FixParts huondoa mabaki ya GPT kwenye diski ambayo siku za nyuma ilikuwa GPT kisha ikapigwa Windows kwa MBR, mabaki ambayo hufanya baadhi ya visakinishi vya Linux vione diski tupu wakati Windows inawaka bila shida.

TestDisk, kazi ya Christophe Grenier, hailiamini jedwali. Inatembea juu ya diski ikitafuta alama za mifumo ya mafaili yenyewe: sekta ya kwanza ya NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows), nakala yake inayokaa mwishoni mwa patisheni hiyo, na vitalu vikuu vya ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux) ambavyo vina nakala zake ndani ya patisheni. Kutokana na alama hizo inajenga jedwali ambalo lilipaswa kuwepo. Kwa hiyo inafanya kazi kwa MBR na GPT, na inafanya kazi hata baada ya nakala zote mbili kuandikwa upya. Toleo la Windows halihitaji kusakinishwa, kwa hiyo diski ikitolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine unaweza kuanza mara moja.

Gharama yake ni muda na umakini. Utafutaji wa haraka humalizika upesi, lakini ule wa kina hupita diski yote. Diski ya TB 1 inayosomeka kwa MB 100 kwa sekunde itahitaji karibu saa tatu, na usingependa umeme ukatike katikati. Umakini unahitajika kwa sababu TestDisk huonyesha pia mizimu. Kompyuta nyingi tunazotumia hapa zimekuja zimeshatumika na watu wengine, na diski zake zina alama za patisheni za wamiliki wawili au watatu waliopita, baadhi zikiwa zimelaliana. Programu haiwezi kukuchagulia. Bonyeza P juu ya kila patisheni uone orodha ya mafaili. Ukiona majina unayoyatambua, hiyo ndiyo ya kurudisha, na ukiona majina ya watu usiowajua au ujumbe wa kushindwa kusoma, iache. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwa patisheni iliyofungwa kwa BitLocker, ufichaji wa data wa Windows, ambayo haionyeshi orodha mpaka ifunguliwe, na ndiyo maana ufunguo wa tarakimu 48 unatakiwa uwe umetafutwa kwenye akaunti ya Microsoft kabla ya kuanza kazi yoyote.

Jambo ninalolipenda zaidi kwenye TestDisk ni kwamba huhitaji kuandika jedwali ili kuokoa mafaili. Kutoka kwenye orodha ileile unaweza kuyanakili kwenda diski ya nje, na hapo hata kama urekebishaji utaenda vibaya baadaye, kilicho cha thamani kimeshatoka. Kwa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hii, ningemwomba aanzie hapo kila mara.

Mwalimu mmoja wa Mbagala alinipa kipimo kizuri cha programu hizi mbili. Kijana aliyemsaidia kuweka Ubuntu alichagua njia ya kufuta diski yote, na diski ilikuwa ya kizamani inayozunguka, yenye C ya Windows na D ya mitihani na mipango ya masomo. gdisk haikuona kasoro, kwa sababu jedwali jipya lilikuwa halali. TestDisk, baada ya utafutaji wa kina, iliipata D, na karibu mafaili yote yalifunguka. C iliyokuwa mwanzoni ilikuwa imeshakaliwa na Ubuntu. Laiti ingekuwa SSD, nisingekuwa na la kumwambia. Kwenye SSD, kisakinishi kinapofomati kwa ext4 kwa kawaida huiambia diski kupitia amri ya TRIM kwamba eneo lote liko huru, na Windows hufanya vivyo hivyo inapofomati kwa haraka. Diski ikishatekeleza, hakuna programu itakayorudisha kitu. Kupoteza jedwali pekee hakusababishi TRIM. Mpaka wa hatari kwenye SSD uko kwenye kufomati, na ukiwa bado hujaufikia, nafasi ya kupona ni kubwa.

Kwa hiyo ningechagua hivi: diski ni ya GPT na kilichotokea ni kukatika kwa umeme au kuhamishwa kwa diski, anza na gdisk. Diski ni ya MBR, au kisakinishi kimeshaandika jedwali lake, au kuna aliyekubali kile kisanduku cha kuandaa diski, nenda moja kwa moja kwa TestDisk. Usipojua ni lipi kati ya hayo, fungua gdisk, soma inachosema, utoke kwa q, kisha uendelee na TestDisk. Kusoma hakumdhuru mtu. Baada ya TestDisk kurudisha jedwali, Windows inaweza kuhitaji bcdboot ndipo iwake, na hapo zana za Windows zinapata nafasi yake halali.

Lini umpelekee fundi

Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, au smartctl, programu ya kupima afya ya diski, ikionyesha sekta zinazosubiri kuhamishwa zinaongezeka, acha programu zote nilizozitaja. Kila saa ya utafutaji wa kina inaimaliza diski ya namna hiyo. Kinachofaa ni kuinakili yote kwa ddrescue kwenda diski nyingine yenye nafasi, kisha kufanya kazi juu ya nakala, na mtu asiye na diski ya ziada wala uzoefu ana haki ya kumlipa anayevijua. Diski isiyotambulika kabisa hata na BIOS haina suluhisho la programu.

Kwa diski yenye afya ila jedwali bovu, fundi ni chaguo zuri ikiwa anakusikiliza. Mwambie mwanzoni kabisa, kabla hajachomeka flashi yake: «Kaka, naomba usipige Windows wala usifomati, nataka mafaili ya patisheni fulani kwanza, ndipo tuzungumze kuhusu mfumo.» Muulize atatumia programu gani na mafaili atayanakilia wapi. Akijibu kwamba atayarudishia kwenye diski ileile, mshukuru na uende kibanda kingine, kwa sababu kila faili linaloandikwa hapo linaweza kukalia mahali pa jingine ambalo bado halijaokolewa. Bei mkubaliane kwa mafaili yaliyofunguka mbele yako, si kwa idadi ya majina kwenye orodha, maana jina linaweza kurudi bila kilichomo.

Kompyuta ikishapona, au kabla hujaipandisha toleo ikiwa bado ni nzima, iwashe kwa flashi ileile ya SystemRescue na uandike sgdisk --backup=jedwali.bin /dev/sda, au sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt kwa diski ya MBR, ukibadilisha jina la diski kulingana na lsblk. SSD za NVMe kwa kawaida huitwa /dev/nvme0n1. Faili la kwanza halifiki KB 20 na la pili ni mistari michache ya maandishi. Flashi ya uokoaji haihifadhi kitu chenyewe, kwa hiyo linakili faili hilo kwenye flashi nyingine au ujitumie kwa barua pepe kabla hujazima.